Waya Nilioukata Mwenyewe

Mimi ni fundi cherehani, naishi Likasi, kusini mwa Kongo, na masikio yangu hayana subira. Mashine ikianza kulia vibaya nasimamisha kazi hata kama bibi harusi amekaa mbele yangu anahesabu saa. Bomba la jikoni likidondosha tone moja moja, sili mpaka lifungwe. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba kwa masikio haya ingefaa zaidi ningezaliwa paka. Nayasema haya mapema ili msije mkadhani nilifanya nilichofanya kwa bahati mbaya. Kelele ilinikera, basi.

Mambo yenyewe yalitokea katika kwaya ya parokia yetu huko Panda, ambako nilikuwa napiga besi. Mama mnene wa makamo aliyebeba gitaa la nyuzi sita ni kitu cha kutazamwa, na nilitazamwa sana. Wageni walidhani nimemshikia mtu aliyekwenda msalani. Besi ya kawaida ina nyuzi nne, na wa chini kabisa unatoa mi. Yetu ilikuwa na wa tano chini yake, mnene kama kamba ya kuanikia nguo, wa kutoa si, na wa sita upande wa juu kwa ajili ya do. Mwanakwaya mmoja aliipata Lubumbashi kwa mtu aliyekuwa anahama. Shingo yake ilikuwa pana kama kile kibao ninachopigia pasi mikono ya mashati, na wanaume wa kwaya waliijaribu mmoja mmoja, wakairudisha wakisema vidole vinauma.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja, mstaafu wa kiwandani, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akipiga kontrabasi, lile dude la mbao linalosimama juu kuliko mtu na ambalo huwezi kulipiga bila kulikumbatia. Alijifunza ujanani, shuleni Mulungwishi. Zamani kontrabasi ilitosha kanisa zima. Zilipokuja ngoma za kizungu na kinanda cha umeme, mzee akabaki anaonekana tu, hasikiki. Nilikuwa nikimwona anavyosukuma upinde, jasho linamtoka, na sauti yake inamezwa yote. Bega nalo likaanza kumsumbua. Besi ya umeme ilipofika, akanichagua mimi, kwa sababu, alisema, kinanda kikikosea mimi ndiye ninayekunja uso wa kwanza.

"Ile ya si, usiipige kila saa," aliniambia siku ya kwanza. "Bantu batachoka. Uingoje mpaka bote bameisahau, njo unaipiga."

Nilimpenda mzee yule kama baba. Nalisema wazi kwa sababu bila hilo yaliyobaki hayana uzito.

Sasa, uzi wa si hauvumilii vifaa vya mzaha. Ampli ndogo ya mwanzo, mashine ya kukuza sauti, ilikohoa tu. Ikabidi seremala atutengenezee sanduku kubwa la spika, ambalo kwetu tunaliita bafle, na ampli nyingine yenye nguvu ikatafutwa. Mitambo yote hiyo ilikuwa mikononi mwa fundi umeme wa kwaya, mtu mpole aliyefanya kazi ya umeme kiwandani maisha yake yote. Nyaya alizikunja kwa umbo la tarakimu nane, kamwe hakuzisokota. Kila plagi aliifunga kipande cha kitambaa nilichompa kutoka kwenye mabaki yangu: chekundu cha kinanda, cha bluu cha besi. Nyuma ya sakristia alikuwa amepigilia ardhini fimbo ya shaba, nayo ndiyo iliyopokea waya wa ardhi wa mitambo yote, ule wa rangi ya kijani na manjano ambao kazi yake ni kuuteremsha umeme uliopotea njia usimpitie mtu. Kiangazi kikikauka sana, alikuwa akienda na ndoo kuinywesha fimbo ile maji. Tulimcheka. Tulimuuliza lini itatoa majani. Alicheka nasi, akaendelea kumimina.

Mvumo ulianza siku ilipoletwa mashine mpya ya kuchanganyia sauti. Mmmm, bila kukoma, kutoka kwenye bafle langu. Nikipiga, haukusikika. Lakini baada ya komunyo, watu wamepiga magoti, kimya kimetanda, bafle linavuma kama nzi ndani ya chupa. Rais wa kwaya akaanza kunitania kwamba nimefuga nyuki. Watu walicheka. Mimi nilichemka.

Nikamwambia fundi. Akasikiliza, akainamia kila kifaa, akatikisa kichwa.

"Mamaa, ngoja kidogo. Minye nitaitafuta. Hii maneno inatoka ku mawaya ya ardhi, iko mbili, haisikilizane. Nipe mpaka siku ya posho."

Siku ya posho kwetu ni Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Siku mbili tu aliniomba.

Ijumaa mchana nilikuwa peke yangu kanisani, najizoeza. Mvumo ule uliniingia mpaka kwenye meno. Nikakumbuka alichosema: nyaya za ardhi ni mbili, hazisikilizani. Nikafikiri, basi moja ikiondoka, ugomvi umekwisha. Plagi za mashine zangu za kushona nazitengeneza mwenyewe tangu nilipofiwa, kwa hiyo bisibisi hainitishi. Nilifungua ile yenye kitambaa cha bluu, nikakata waya wa kijani na manjano kwa mkasi wangu wa nyuzi, nikausukuma pembeni, nikafunga. Nikawasha. Kimya. Kimya kizuri ajabu, kama chumba baada ya wageni kuondoka. Nikapiga ile si ya chini, ikajaa kanisani safi, na nakiri kwamba nilicheka kwa sauti, peke yangu, mbele ya altare.

Jumapili watu walimpongeza fundi. Yeye akashangaa, akasema Jumamosi alikuja akakuta mvumo umekwisha, bado hajafanya kitu. Wakadhani ni unyenyekevu. Akanijia mimi.

"Mamaa, weye uligusa kitu?"

"Minye? Minye najua tu sindano na uzi."

Kwa nini nilimdanganya? Nimejiuliza mara nyingi. Niliona haya kwamba nilishindwa kungoja siku moja. Na nilikuwa na kiburi pia, nilitaka ubaki wangu ule ukimya.

Miezi ikapita, mvua zikaanza. Paa la chumba cha vyombo lilikuwa linavuja kidogo, na ampli ilikaa humo juma zima. Kilichotokea ndani yake nilielezwa baadaye: vumbi na unyevu vilishikana mpaka umeme ukapata njia ya kwenda kwenye bati la nje la ampli yenyewe. Kwenye ampli yenye waya wa ardhi, umeme huo ungeshuka kwenye ile fimbo ya shaba na swichi ingekatika. Kwenye yangu haukuwa na pa kwenda, ukakaa unangoja, umeenea mpaka kwenye nyuzi za gitaa.

Ilikuwa sikukuu ya kwaya, baada ya misa ya pili, jua linawaka baada ya mvua ya asubuhi. Mimi ndiye niliyetaka mzee apige wimbo mmoja. Kontrabasi hakuiweza tena, lakini besi ya umeme angeweza akiwa ameketi. Nilitaka wamsikie. Nilimwekea kiti, nikamlazia gitaa pajani, nikamrekebishia mkanda. Akapiga noti chache, kanisa likapiga vigelegele. Kisha akataka kusema neno la shukrani. Mkono wa kushoto bado umekamata nyuzi, akanyoosha wa kulia kuvuta kipaza sauti, chuma kilichounganishwa na ardhi.

Sikumsikia akipiga kelele. Nilisikia bafle likipiga mshindo mmoja, nikaona mwili wake umekauka, macho wazi, mkono wa kushoto umefumbata shingo ya gitaa na haufunguki. Fundi aliruka benchi, akaangusha swichi kuu. Mzee akaanguka na kiti chake.

Alikuwa hai. Wakambeba kwenda kwenye gari la mwanakwaya mmoja ili apelekwe hospitali. Fundi akaniuliza tena pale pale mlangoni: "Mamaa, kuna muntu aligusa fishi ya ampli?"

Nikasema hapana, plagi hakuna aliyeigusa.

Kisha nikafanya jambo ambalo ni baya kuliko kukata. Watu wote walipokuwa nje wakizunguka gari, niliingia nikafungua ile plagi kwa ncha ya mkasi, nikamenya waya wa kijani na manjano, nikaurudisha mahali pake na kukaza. Haikuchukua muda. Nikatoka, nikalia pamoja na wengine, na kilio changu kilikuwa cha kweli.

Mzee alirudi nyumbani baada ya majuma mawili. Vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha pete na kidogo, vimekunjamana, havishiki chochote. Hata kufunga kifungo cha shati anasaidiwa.

Kamati ya kwaya ilifungua plagi fundi akiwapo, ikakuta nyaya zote tatu mahali pake. Basi, kwa kuwa hakuna kilichoonekana kuguswa, kosa likawa la fundi. Hakuna aliyemfukuza kwa maneno. Waliacha tu kumwita, wakamtoa kwenye kundi la WhatsApp, ambamo ujumbe wa sauti ulikuwa umeshazunguka kwamba mtu wa kumwagilia vyuma maji ungetarajia nini. Majirani wake katika kambi ya wafanyakazi wa kiwanda, ambao alikuwa akiwatengenezea pasi na redio, wakaanza kutafuta wengine. Nilisikiliza ujumbe ule wote hadi mwisho. Sikuandika neno.

Besi niliacha kuipiga. Nilisema ni huzuni, wakaniamini. Katika mji huu mimi huaminiwa kwa urahisi wa kutisha.

Mke wa fundi alikuwa mteja wangu tangu zamani. Baada ya ajali alikuja mara tatu, na kila alipokuja nilimpima, nikamwuliza habari za bwana, naye akajibu kwamba wapo tu. Mara ya nne alileta gauni la kupunguzwa kwa sababu amekonda. Nikiwa nimepiga magoti nimebana pindo, pini mdomoni, akaanza kulia juu ya kichwa changu.

"Bwana yangu, kichwa inamutoka," alisema. "Anafunga mulango, anarudia, anaufunga tena. Iko na kaye, anaandika mule kila kitu: nimezima moto, nimefunga mulango. Anasema ile fishi, waya ya ardhi ilifunguliwa na ikafungwa, na haiko namna yake ya kufunga. Na muntu mwenye kufunga mawaya ku kanisa iko yeye peke. Basi anasema njo yeye alifanya, na akasahau. Taa ya chumba ilikufa, hataki kuigusa. Tunakaa mu giza, na fundi wa courant iko mu nyumba."

Nilitoa pini mdomoni moja moja. Mumewe alikuwa ameuona! Aliona kwamba waya umeguswa, na kwa kuwa mimi nilisema hapana, na yeye aliniamini, hakubakiwa na mtu wa kumshuku ila akili yake mwenyewe.

Nilikwenda kwanza kwa mwalimu wangu, yule mzee, mchana huohuo. Nilimkuta barazani kwake, mkono mbovu umelala juu ya mzuri. Nikamweleza yote bila kupunguza.

"Nilijua haiko yeye," alisema. "Minye nilikuwa naomba tu isikuwe weye."

Nikaangua kilio. Hakunibembeleza. Aliniambia niende nikaseme kwa wale waliomharibia mtu yule jina.

Jumamosi nilisimama mbele ya kamati. Nilisema nilikata waya, nilisema nikaurudisha, nilisema kwa mkasi gani. Wakatazamana. Rais wa kwaya, yule wa utani wa nyuki, akaniangalia kwa huruma kubwa.

"Mama, iko na roho ya muzuri sana," akasema. "Tunajua unamuhurumia ule bwana. Lakini maneno ya courant haiko ya bamama. Weye ungekuta wapi akili ya kufungua fishi?"

Nikawaka. Nilichomoa plagi ya kinanda chao, nikaifungua mezani kwa mkasi uleule, nikazitaja nyaya zote tatu na kazi zake, nikaifunga tena wakiangalia. Kisha mmoja akakohoa, akasema basi jambo limeeleweka, lakini fundi mwingine ameshapatikana, na kuyafukua haya kutaleta aibu kwa parokia, tuombe tu. Wakasimama kuomba. Mimi nikachukua mkoba wangu nikatoka wakiwa kwenye Baba Yetu.

Nikaenda moja kwa moja kambini. Nyumba yao iko katikati ya safu, matofali mekundu, mlango wa bati. Fundi alikuwa ameketi uani anachambua maharagwe, punje moja moja, kwa uangalifu ambao mtu hauhitaji kwa maharagwe. Mkewe alikuwa anafua. Ile kaye, daftari lake, ilikuwa kando ya kiti, na kalamu juu yake.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nayataka. Niliposema, "Ile waya, minye njo niliikata," hakushtuka. Aliweka chini bakuli, akaanza kuniuliza.

"Uliikata na nini?"

"Mukasi."

"Uliifunga tena siku gani?"

"Siku ile ile. Balikuwa bote inje, ku motokari."

"Uliifunga namna gani? Uliizungusha ku visi, ile skrubu, ao uliipitisha tu?"

"Niliipitisha tu. Sikuizungusha."

Akafumba macho. Midomo yake ilikuwa inacheza, kama mtu anayejumlisha. Alipoyafumbua yalikuwa yamejaa machozi, na alikuwa anatabasamu.

"Njo vile niliikuta," alisema. "Haikuzungushwa. Minye nazungushaka." Akasimama, maharagwe yakamwagika, akamgeukia mkewe. "Mama! Unasikia? Haiko minye! Kichwa yangu iko muzima!"

Alimshika mkewe mikono yenye povu, akamzungusha. Alicheka mpaka akakohoa. Alinishika hata mimi mabega, akasema aksanti, mara mbili, aksanti mamaa, na naapa sijawahi kupigwa kofi lililoniuma kama hiyo aksanti. Nikajaribu kusema nisamehe. Hakunisikia. Alikuwa ameshafika mlangoni, anaita majirani kwa majina ya watoto wao, nyumba ya kushoto, nyumba ya kulia, ng'ambo ya barabara.

Wakaja. Wanawake waliotoka jikoni, wanaume wa zamu waliokuwa wamelala mchana, wale waliopeleka pasi zao kwingine. Kila aliyeingia uani alimkamata mkono, akamleta mbele yangu. Hakuwa na hila yoyote, hilo nalijua. Alikuwa na furaha tu, na mimi ndiye niliyekuwa ushahidi wake.

"Huyu mama njo alifanya! Muulize mwenyewe! Sikusahau kitu minye!"

Nao wakaniuliza, mmoja baada ya mwingine, wengine wakiwa hawaamini, kwamba ni kweli ni mimi niliyemharibia mzee mkono na kumwachia huyu kosa. Nikajibu kila mmoja ndiyo. Nilijibu mpaka sauti ikanikauka, na yeye bado anawaita wengine.

Mkewe alikuwa amerudi kwenye beseni lake. Hakuwa anafua tena, alikuwa anaangalia maji.

"Kila mara nilikuja kwako," alisema bila kuinua kichwa, "ulinipima kiuno, ukaona ninavyokonda. Na ukaniuliza: bwana iko namna gani?"

Nikamjibu ndiyo, kama nilivyowajibu wengine.